Mkulima Mashuhuri wa Mlandege

Nichekeni tu, jamani, maana hata mimi nikilikumbuka lile shamba la vitunguu nafunika uso, na mke wangu (huyu niliye naye, siyo yule aliyekusudiwa) hataki nilisimulie mbele ya wageni.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa karani wa duka pale Iringa, na jioni nilikuwa mwandishi wa gazeti, yaani natuma habari za mjini kwetu kwa posta, silipwi kitu ila jina langu linatokea chini. Sasa magazeti ya wakati ule yalikuwa na neno lao, "mashuhuri". Hakuna aliyetajwa bila kuwa mashuhuri: fundi cherehani mashuhuri, mchinjaji mashuhuri, mpiga kinanda mashuhuri (aliyejua nyimbo chache, na zote kwa shida). Kutajwa bila neno lile kulikuwa kama kwenda kanisani bila shati.

Basi ikafanyika chai ya kumuaga mwalimu aliyehamishiwa Mbeya, nami nikaandika waliohudhuria, kila mtu na umashuhuri wake, mpaka nikamfikia Mzee Kihwele wa Mlandege, baba yake Tulizo, binti niliyekuwa nimempelekea posa. Nikasita. Kumsifu mkwe mtarajiwa gazetini niliona ni kujipendekeza, na kusema kweli sikujua mzee yule ni mashuhuri kwa lipi, nikaandika, "Bwana Kihwele pia alikuwepo."

Gazeti likafika, likasomwa kwa sauti nje ya kanisa baada ya ibada, kama kawaida yetu. Watu wakasikiliza sifa zao wakiitikia kwa vichwa, lilipofika jina la mzee mchinjaji akacheka. Kesho yake mshenga wangu akarudi na majibu.

"Mzee anasema hata viti vilikuwepo. Posa yako kaichukue."

Nilimpenda Tulizo, nisiwafiche. Nikatuma habari nyingine upesi kwamba Bwana Kihwele ni mkulima mashuhuri wa vitunguu (nilikuwa nimeviona jikoni kwao, vya kununua). Mzee akafurahi, posa ikapokelewa upya, akawa anatembea na gazeti mfukoni mwa koti, nami nikajiona mwerevu. Kumbe bwana shamba naye husoma gazeti. Akatuma salamu kwamba Alhamisi analeta wakulima wa Mafinga, lori zima la kubebea mbao, waje kujifunza.

Nikamkimbilia mzee. Nyuma ya nyumba yake palikuwa na magugu na mbuzi.

"Kamwene, baba," nikamsalimia Kihehe. "Tuwaambie tu ukweli."

"Kamwene. Ukweli upi tena, na gazeti limeshasema?" akanijibu taratibu. "Wewe ndiye uliyeandika, mwanangu, basi wewe ndiye utakayeotesha."

Nikanunua sokoni mafungu ya vitunguu vyenye majani yake, na alfajiri ya Alhamisi nikalima, nikavichomeka mistari mizuri kabisa. Wageni walipofika jua lilikuwa limeshawaka na majani yote yamelala. Bwana shamba, kijana mpole wa Kinyakyusa, akauliza mzee anatumia mbolea gani, mzee akasema hiyo ni siri ya ukoo. Kijana akainama, akang'oa kimoja, kikatoka, kikafuata kingine, na kingine, maana kwa haraka zangu sikufungua kamba za mafungu, mwisho akasimama na fungu zima mkononi, limefungwa vilevile lilivyotoka sokoni. Mama muuza vitunguu, aliyekuja kutazama kama wengine, akasema tu, "Hivi ni vyangu."

Wakulima wa Mafinga walicheka mpaka wengine wakaketi kwenye matuta yangu. Mzee hakunitazama, na posa ikarudi mara ya pili. Ila bwana shamba hakucheka, alisema udongo ni mzuri na atakuja kumfundisha mzee. Akaja kweli, wiki baada ya wiki, na aliyekuwa akimpelekea maji ya kunawa ni Tulizo. Vitunguu vikakomaa, wakaoana, wakahamia Ilomba kule Mbeya.

Habari ya harusi niliandika mimi, kwa sababu mzee alikuja mwenyewe dukani akaniambia, "Safari hii andika unachokiona." Nikaandika kwamba bwana harusi ni mtaalamu mashuhuri wa vitunguu, na kwa mara ya kwanza neno lile lilikuwa kweli, nalo liliniuma kuliko uongo wangu wote. Tangu hapo kalamu yangu imekuwa ya kuandikia risiti tu.