Valvu ya Nne

Nina mke mwenza, na msinionee huruma upesi. Aliletwa nyumbani miaka kumi na tisa iliyopita juu ya mkokoteni, amefunikwa turubai, wanaume wawili wakisukuma na mume wangu akitembea kando huku akiwafokea kila gurudumu likiingia shimoni: "Taratibu! Taratibu, jamani!" Mimi nilipokwenda kujifungua kifungua mimba wetu, niliachwa nijikongoje mwenyewe mpaka kwenye teksi. Mgeni huyo ana uzito wa mfuko wa saruji. Hapiki, hafui, hajawahi kushika ufagio, na tangu siku hiyo alikaa sebuleni kwangu chini ya dirisha, mahali pekee penye mwanga wa kufaa cherehani. Ni amplifaya.

Mume wangu ni fundi redio, na mtaa mzima unamwita Valvu. Zamani alikuwa fundi mitambo wa ukumbi wa muziki wa klabu ya wafanyakazi, na amplifaya ilikuwa ya ukumbi. Paa lilipoanza kuvuja na ukumbi ukafungwa, klabu ilimwomba aitunze kwa muda mfupi. Muda mfupi wenyewe ndio huo niliokwisha kuutaja.

Mimi ni fundi cherehani, sijui umeme, lakini ukiishi na mtu wa namna hii utafundishwa upende usipende. Valvu ni chupa ya kioo iliyotolewa hewa yote, ndani yake mna vyuma vyembamba na uzi unaowaka rangi ya kaa la moto. Sauti ndogo huingia upande mmoja, ikatoka upande wa pili imepata mwili. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na kidude kisichofika punje ya harage. Ukimwambia hivyo mume wangu, ujue umeharibu mchana wako.

"Kidude chenu kikifa kinakufa kimyakimya, hata hujui ushike wapi," husema. "Valvu haifichi. Ikichoka unaiona. Ikiumwa inaiva, inakuwa nyekundu mbele ya macho yako. Na ukiisukuma kupita kiasi haikukwaruzi masikio, sauti inanenepa tu. Hebu niambie, binadamu gani ukimsukuma ananenepa?"

"Mimi," humjibu. "Nitazame."

Na kazi yake ni ya hatari, msidhani ni mchezo. Ndani ya lile sanduku mna umeme wa kumuua ng'ombe. Kwa hiyo akilifungua, hufanya kazi kwa mkono wa kulia peke yake, wa kushoto ameutia mfukoni, ili umeme usipate njia ya kupita kifuani. Watu wasiojua humwona ana maringo. Mimi ninayejua nimeshona mifuko yake ya kushoto mpaka nimechoka. Siri ya mtungi aijuaye kata.

Sasa niseme ukweli ambao sikuwahi kumwambia. Jioni akiiwasha, sebule ilinukia vumbi lililopata joto, na ukutani mwanga wa rangi ya chungwa ukatulia, na hata redio ya kawaida iliyounganishwa pale ilisoma taarifa ya habari kwa sauti ya mtu aliyeketi nasi. Watoto wangu wote walilala usingizi chini ya mwanga ule. Nilikuwa nikinuna, lakini nilikuwa nikinuna nimeketi karibu.

Amplifaya ile inataka valvu kubwa nne, na nne zenyewe ziwe zimelingana, watoto wa tumbo moja. Mume wangu alikuwa na tatu. Ya nne, alisema, ilianguka njiani siku ya mkokoteni. Kwa hiyo miaka yote hiyo aliiendesha kwa mbili, ya tatu akaiweka kabatini imefungwa pamba. Kwa sebule, mbili zilitosha na kubaki.

Ndipo mwezi uliopita akaja katibu wa klabu, mtu anayetazama saa hata akiwa ameketi. Paa la ukumbi limetengenezwa, alisema, wanamuziki wa bendi ya zamani waliobaki wataalikwa, ukumbi ufunguliwe upya. Yeye alitaka kukodi mitambo ya kisasa. Mume wangu aliruka kutoka kitini.

"Katibu! Mitambo ya kukodi, na hii ipo?"

"Mzee wangu, hili lidude linapiga sauti ya chumbani. Ukumbi unachukua watu mia tano."

"Kwa valvu mbili! Nipe nafasi niipate ya nne, halafu uje usikie."

Katibu alitazama saa. "Haya. Jumamosi ya mwisho wa mwezi, saa kumi alasiri, ulete ukumbini tuijaribu. Ikijaza ukumbi, inabaki pale na wewe ndiye fundi wake. Isipojaza, mnunuzi wa vyuma chakavu atakuwa mlangoni na gari lake. Klabu haiwezi kutunza makumbusho."

Toka siku hiyo mume wangu aliitafuta valvu kwa udi na uvumba. Alipiga simu kwa mafundi ambao nusu yao walikuwa wamekwisha kufa, akapewa pole na wajane. Akaenda kwenye maghala ya vitu vikuukuu, akarudi na vumbi mpaka kwenye nyusi. Mmoja alimpa valvu inayofanana. Akaichomeka, tukasubiri, ikaanza kuiva. Chuma chake cha ndani kikawa chekundu, chekundu zaidi, na mume wangu akaruka kuzima. "Si ndugu yao hii," akasema. "Inakula umeme wa wenzake." Nilicheka. Nilikuwa nacheka wiki ile yote, maana niliiona Jumamosi inakuja, na dirisha langu nalo linakuja.

Alhamisi mchana nilikuwa nashona soksi zake, naye ameketi mbele ya amplifaya akiipangusa kwa kitambaa. Hakuwa na haraka wala hasira. Alipangusa hata pembe za chini zisizoonekana.

"Unajua," akasema, "zote nne niliziwekea alama. Ile siku ya kwanza kuzipima zikalingana, niliiba rangi yako ya kucha. Ya kwanza nukta moja, ya pili mbili, hivyo hivyo mpaka nne, kwenye kitako. Ukaniuliza nani kamaliza rangi yako, nikamsingizia mtoto."

"Kumbe ni wewe!"

"Ni mimi." Akacheka kidogo, akakikunja kitambaa. "Basi. Jumamosi wakiichukua, utaweka cherehani yako hapa dirishani. Umengoja muda mrefu, mke wangu. Na macho yako yanahitaji mwanga."

Laiti angegomba! Mtu akigomba, nami nina mdomo. Lakini alisema kwa upole, akaenda kunawa mikono, nami nikabaki na soksi mkononi. Ndani ya soksi, kisigino kikiwa kimekaa juu yake ili sindano isishike upande wa pili, mlikuwa na chupa yangu ya kushonea. Chupa nene ya kioo, kubwa kuliko yai la bata, laini, inateleza vizuri. Niliiokota ndani ya kapu la vipande vya vitambaa, vile vilivyotandikwa mkokotenini, wiki moja baada ya safari ile. Niliidhania taa iliyoungua, maana valvu mimi nilizijua zikiwaka tu, ndani ya sanduku. Ilikuwa na miguu ya chuma iliyokwaruza nyuzi, kwa hiyo nilikishonea kitako chake kifuko cha kitambaa cha bluu.

Nilichukua wembe nikafumua kifuko. Nukta nne. Rangi yenyewe nyekundu iliyokoza, ile niliyoipenda enzi hizo.

Mtauliza ilikuwaje asiione miaka yote hiyo. Ilikuwa ndani ya soksi! Mwanamume gani hutazama soksi inavyoshonwa? Na isipokuwa ndani ya soksi ilikuwa chini ya kapu la nyuzi, ambalo nilimpiga marufuku kuligusa tangu alipokata waya kwa mkasi wangu mzuri. Soksi zake mwenyewe, kisigino kwa kisigino, zimeshonewa juu ya kitu alichokuwa akikililia.

Sitajifanya malaika. Niliirudisha kapuni. Nilijiambia: nyamaza siku mbili tu, Jumamosi itapita, mke mwenza ataondoka na gari la vyuma, na hakuna atakayejua. Nilipika, nikala, nikazungumza habari za majirani. Nilimtazama akila, na kila aliponitazama nilikumbuka maneno yake: macho yako yanahitaji mwanga. Chakula hakikuwa na ladha. Mtu ananitakia mwanga, nami nimemfichia wake kapuni.

Ijumaa asubuhi, kabla hajamaliza chai, nilipiga moyo konde nikaiweka mezani mbele yake, uchi, bila kifuko.

"Baba watoto," nikasema, "ukinifokea nitalia."

Alitazama nukta. Akazihesabu kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne, kama mtoto wa chekechea. Akanitazama. "Umeitoa wapi?"

"Ndani ya soksi yako."

Kwanza hakuelewa. Nilipomweleza, kifuko, kapu, kisigino, vyote, aliufunika uso kwa mikono miwili, mabega yakaanza kutetemeka, nami nikajua nimemliza mume wangu. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka chai ikamwagika. "Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako," akasema akifuta machozi, "lakini hawakusema kama kimo ndani ya soksi!" Halafu akainuka mbio, akaangusha kiti, akaipima. Uzi wake ukawaka. Miaka kumi na tisa ya visigino, na iliwaka siku hiyo hiyo, bila kinyongo.

Jumamosi mnunuzi wa vyuma alifika kabla yetu. Gari lake lilikuwa mlangoni, limefunguliwa nyuma. Ukumbini walikuwepo wazee wa klabu, katibu na saa yake, na mpiga besi wa bendi ya zamani aliyekuja na gitaa lake kwenye mfuko ulioshonwa na mimi. Mume wangu aliunganisha spika kwanza, akakagua waya mara tatu, kisha mkono wa kushoto ukaingia mfukoni. Akabonyeza swichi ya kwanza.

Kimya.

"Mbona kimya?" akauliza katibu.

"Inapata joto. Swichi ya pili bado."

"Mashine yangu ningewasha ikalia papo hapo."

"Kimya kingi kina mshindo mkuu, katibu. Vumilia."

Nilisimama nyuma ya amplifaya, nikiziona zote nne zikianza kukolea, lakini niliitazama ile ya nne tu. Usiive, niliiambia moyoni. Nimekushika kwa mikono hii, nimekuangusha mara ngapi sijui, nimekutumia kuua mende mara moja. Tafadhali usinilipizie leo. Mnunuzi wa vyuma alikuwa amekuja kuegemea mlango.

Mume wangu akabonyeza swichi ya pili. Ukumbi ulivuta pumzi, mvumo mdogo tu, wa chini. Akamwinulia kichwa mpiga besi.

Mzee yule aligusa uzi mmoja. Mmoja tu! Sauti haikuja masikioni, ilipanda kutoka sakafuni, ikapita kwenye nyayo, magotini, tumboni, ikafika mlangoni, na mnunuzi wa vyuma akaondoa bega lake kwenye mbao kwa mshtuko. Vumbi la mwaka gani sijui lilidondoka kutoka darini. Mpiga besi aliangua kicheko, akapiga tena, akaendelea, mvumo mkubwa, mnene, wa mviringo, na wazee waliokuja na mikongojo wakaiegemeza ukutani. Nilipiga kelele. Mimi! Nilirukaruka kama niliyeshinda bahati nasibu, na valvu ya nne ilikuwa ya chungwa, ya chungwa safi, wala haikuiva.

Katibu alisahau kutazama saa. Muziki ulipotulia alikuja na maikrofoni mkononi, sauti yake imejaa ukumbi mzima. "Mzee wangu, ulisema ya nne imepotea. Umeipata wapi?"

Ukumbi wote ungejua, mtaa ungejua, ningeitwa Mama Soksi mpaka kaburini. Mume wangu akaipokea maikrofoni kwa mkono wa kulia.

"Alikuwa nayo mke wangu," akasema. "Ameitunza miaka kumi na tisa, haina hata mkwaruzo. Ingekuwa kwangu, ningekuwa nimeshaivunja."

Walinipigia makofi. Nililia mbele yao wote, na waliniona, na sikujali.

Amplifaya imebaki ukumbini. Cherehani yangu iko dirishani, mwanga ni mzuri, natia uzi kwenye sindano bila miwani. Lakini sebule imekuwa kubwa mno, na jioni ukuta ni ukuta tu, kwa hiyo kila Jumamosi nami naenda ukumbini kumsalimia mwenzangu.

Jumatatu nilipofungua kapu kushona soksi, nilikuta chupa nyingine ya kioo juu ya nyuzi. Kitako chake kimevikwa kifuko cha bluu, kimeshonwa vibaya, sindano imekwenda upogo, kazi ya mtu asiyejua kushika uzi.

"Hiyo imekufa kweli," mume wangu akasema kutoka mlangoni. "Nimeipima mara tatu."

Nilikifumua kifuko nikishone upya, maana siwezi kuvumilia mshono wa namna ile. Kwenye kitako zilikuwepo nukta nyekundu, bado mbichi kidogo. Nikazihesabu. Zilikuwa tano.