Alama ya Gumba Kwenye Nta

Najua visa vya namna hii husimuliwa na watu waliotoka kilabuni. Mimi siku ile sikuwa nimeonja ulanzi wala pombe yoyote, ilikuwa saa nane mchana, na kidole ninachokusimulia habari zake ninacho hapa mkononi. Ukifika Ilomba, Mbeya, uliza fundi wa ngoma kuukuu, uje ukishike mwenyewe. Usiniamini mimi, amini kidole.

Kazi yangu ni kuokoa ngoma. Za kwaya, za vikundi, za bendi zilizokufa, zile zinazotupwa stoo watu wakishanunua kinanda cha umeme. Natoa viota vya panya, naziba nyufa, nasugua, nawamba ngozi mpya. Nilijivunia kwamba ngoma ikitoka kwangu huwezi kujua imepitia shida gani.

Mwaka juzi dada yangu Neema alinipigia simu kutoka nyumbani, kijiji kimoja karibu na Igowole. Mama alikuwa amelala miezi mingi, macho hayaoni tena, na sasa hata uji alikuwa anautema.

"Anataka ngoma ya baba," Neema akasema. "Uilete. Usikawie, mdogo wangu."

Baba aliipiga ngoma hiyo kanisani. Alifariki mimi sijaanza kutambaa, picha yake hatuna, na ngoma ilikaa stoo ya kanisa kando ya magunia ya mbolea mpaka nilipoiomba nikapewa, mama akiwa ameshalala kitandani. Ilikuwa kwangu Ilomba, inasubiri zamu yake. Sasa niambie, wewe ungefanya nini? Mama yako anakufa, anataka ngoma ya mumewe, utampelekea gogo lililotafunwa na panya? Nilielewa kwamba anataka kuisikia ikilia. Hakuna aliyeniambia hivyo, nilijiambia mwenyewe.

Nikafanya kazi siku tatu. Katikati ya ngozi ya zamani kulikuwa na bonge la nta ya nyuki iliyochanganywa na majivu, ile waliyokuwa wakiibandika wapigaji wa zamani ili sauti iwe nzito. Ilikuwa imekauka kama jiwe, na juu yake alama ya kidole gumba imezama, hata mistari ya ngozi inaonekana, na kovu limeikata mshazari. Niamini, niliiona. Niliitazama kidogo, kisha nikaibandua kwa kisu nilichokipasha moto, maana ndivyo nifanyavyo kwa kila ngoma, uchafu kwanza. Nta nikaitupa kwenye jiko la mkaa, karakana nzima ikanukia asali.

Siku ya nne nikapanda basi mpaka Mafinga, nikapata gari la Igowole, kisha bodaboda, naye akanishusha njia panda kwa sababu ya tope. Ilibaki nusu saa kwa miguu. Ukungu ulikuwa umeshuka, manyunyu hayaachi. Niliifunika ngoma kwa turubai nikaibeba begani, natembea huku naomba, Mungu, nimkute hai.

Mtu akatokea pembeni yangu. Sikusikia hatua zake.

"Kamwene," akasema, nami nikaitikia kamwene, kama unavyomwitikia mtu yeyote wa kwetu. Alivaa koti refu la zamani. Akaomba anisaidie mzigo, nami kwa uchovu nikampa. Tukaenda kidogo, halafu nikaona ameingiza mkono chini ya turubai, anapapasa ngozi. Anapapasa katikati, anarudi, anapapasa tena, kama mtu aliyepoteza funguo.

"Mahali pangu pako wapi?" akauliza.

Nikadhani ni mlevi. Nikamwambia, mzee, ngoma hii ni ya mgonjwa, nipe niende. Hapo ndipo nilipoona koti lake ni kavu. Mimi nilikuwa nimelowa mpaka fulana ya ndani, yeye hana hata tone. Nilitaka kukimbia, lakini ningeiachaje ngoma?

Akaiweka chini taratibu. Akanishika mkono wa kulia, akabandika gumba lake juu ya gumba langu, akakandamiza. Baridi ikapanda mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa analia, nilisikia pumzi zake zikikatika. Kisha akaniachia, akaingia kwenye mahindi, na mahindi hayakutikisika.

Nilimkuta mama hai. Nikaweka ngoma kando ya kitanda, nikaipiga, na ililia vizuri mno. Mama akainua mkono niache. Akanyoosha vidole, akapapasa katikati ya ngozi, akarudi, akapapasa tena, vile vile kama yule mtu wa njiani.

"Nta iko wapi?" akauliza.

Neema akaninong'oneza. Miaka yote, kabla hajalala kitandani, mama alikuwa akiingia stoo kila baada ya ibada, anaweka gumba lake ndani ya alama ya baba, anakaa. Neema alidhani najua. Mama hakutaka kuisikia ngoma hata kidogo. Kitu pekee kilichobaki cha mwili wa baba duniani nilikuwa nimekichoma mkaani kwa mkono wangu.

Nikapiga magoti, nikamshika mkono nimwombe msamaha. Vidole vyake vikashuka kwenye gumba langu, vikasimama, vikafuata kitu mshazari. Nikatazama. Kulikuwa na kovu. Nakuapia, asubuhi ile kidole changu hakikuwa na kovu.

"Baba Neema," mama akasema. "Umechelewa."

Nikamwambia, mama, ni mimi. Nikataja jina langu, nikalitaja tena na tena. Hakulisikia. Akaweka gumba lake juu ya lile kovu, akaongea na mumewe mpaka giza likaingia. Habari za mbegu, za paa lililovuja, za mtoto mchanga aliyeachiwa.

"Kale kadogo kalikua," akasema. "Kako Mbeya, kanatengeneza ngoma. Sijui kama katawahi."

Mkono wangu ulikuwa ndani ya mkono wake. Akafa akitabasamu.

Kovu halijatoka, na gumba hili halisikii moto wala sindano. Nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine iliyokuwa ikinitambua siku zote ikalikataa. Binti wa pale akalifuta kwa kitambaa, akauliza, "Baba, unafanya kazi ya simenti?" Nikasema ndiyo, tukatumia kidole kingine.

Ngoma bado natengeneza, sina kazi nyingine ninayoijua. Ila sishiki kisu mpaka nimwulize mwenye ngoma ni nani aliyeishika, na ni nani bado anaishika. Nawe, kama kwenu kuna kitu cha marehemu kimejaa uchafu, kiache kwanza na uchafu wake, uulize. Mimi nilifika mama akiwa hai, nikamshika mkono, na bado sikuwahi.