Mugeni wa Sokuru

Babu yangu alizikwa vizuri. Nasema vizuri kwa maana wanayoijua watu wa misioni: kengele ililia, mapadri wawili walitangulia mbele ya jeneza, wanakwaya waliimba mpaka sauti zikawakauka. Kaburi lilichimbwa kwa mitaimbo siku mbili nzima, maana ardhi ya Goma ni jiwe jeusi lililomwagwa na volkeno, nalo halimwonei huruma mfu wala mchimbaji. Hata leo nikikutana na wazee wenzangu waliomjua, hunishika mkono na kuniambia, "Ule muzee alikufa muzuri." Mimi huitikia ndiyo, kisha nabadilisha mazungumzo. Nikiendelea nitawaudhi bure.

Sisi wajukuu tulimwita Sokuru, kama wanavyoitwa babu wote katika Kinyarwanda cha nyumbani. Alizaliwa kabla mzungu hajaonekana kandokando ya ziwa letu, kwa hiyo umri wake hakuujua, na hakuona sababu ya kuutafuta. Alipokuwa kijana alibeba mawe ya kanisa la kwanza begani, moja baada ya jingine, na bega lile likabaki chini kuliko lenzake mpaka kufa. Kusoma alijifunza akiwa mtu mzima mwenye ndevu. Baadaye akawa katekista, akafundisha sala na amri kwa zaidi ya miaka thelathini, akitembea kwa miguu juu ya mawe yale yanayokata nyayo. Nyumbani hakuna aliyeonja uji kabla ya rozari kwisha. Hata mgonjwa alisali kwanza. Alikuwa mgumu, nisidanganye, na mara nyingi nilimchukia asubuhi nikampenda mchana.

Lakini dini yake aliinunua ghali. Alipotaka kubatizwa alikuwa na wake wawili, na sheria ilikuwa wazi: abaki na mmoja. Akabaki na wa kwanza, nyanya yetu, aliyekuwa amekwisha kumzalia wana wawili. Wa pili alikuwa msichana bado, hajapata mtoto. Sokuru alimrudisha mwenyewe kwa kaka zake kule Munigi, amembebea mkeka na chungu chake. Nyanya alinisimulia kwamba aliporudi hakusema neno juma zima. Jumapili iliyofuata akabatizwa.

Miaka ikaenda, mingi sana. Nilikuwa na umri wa miaka tisa au kumi, katika ile miaka ya hamsini, siku Sokuru aliposikia nje ya kanisa kwamba yule mwanamke amekuwa kipofu, kaka yake wa mwisho amekufa, na watoto wa kaka wanamlaza pamoja na mbuzi. Hakushauriana na mtu. Aliwatuma baba yangu na mdogo wake na kipoyi, kile kitanda cha miti wanachobebea wagonjwa mabegani, na jioni ile ile bibi mmoja mdogo kama mtoto aliteremshwa uani kwetu. Nyanya alimtazama kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akatoka na blanketi lake mwenyewe. Bibi yule akapewa nyumba ya jiko, penye joto, na mimi nikapewa kazi ya kumwongoza na kumpelekea chakula.

Tumwite nani? Sokuru alitupa neno. "Ni mugeni," alisema, kwa Kiswahili chake cha mafundisho, na Injili inatuamuru kumkaribisha mgeni. Neno zuri, ila katika Kinyarwanda chetu neno hilo hilo ni bibi harusi. Sokuru, aliyeishi na Kiswahili cha kanisa kichwani saa zote, hakulifikiria. Nyanya alilisikia mara moja, akacheka mpaka akashika mbavu. "Mugeni bila meno! Mugeni bila macho!" Na yule kipofu naye akacheka, akajifunika uso kwa kanga kama mwari kweli. Tangu hapo ukawa mzaha wa nyumba. Kila asubuhi nyanya aliniuliza, "Mugeni yetu ameamuka?" na tukacheka sote, isipokuwa Sokuru aliyejifanya hasikii. Wanawake wale wawili, waliotenganishwa na maji ya ubatizo, walichambua maharagwe kwenye ungo mmoja, wakisengenya watu waliokufa zamani. Sijawahi kuona jiko lenye furaha kama lile.

Wakati huo nilikuwa katika mafundisho ya komunyo ya kwanza. Padri wetu alikuwa mpya. Alikuwa ametumika miaka mingi ng'ambo ya mpaka, Rwanda, na Kinyarwanda alikijua kuliko Kiswahili. Siku moja, tukiwa tumeketi mstari mbele yake, aliniuliza ni nani yule anayelala jikoni kwetu.

"Ni mugeni ya Sokuru," nikajibu.

"Mugeni?" Aliinua nyusi.

Nami nikacheka. Ndivyo tulivyozoea, neno lile lilikuwa la kuchekea. Wenzangu waliokijua Kinyarwanda nao wakacheka, darasa zima likavuma, na padri akawa mwekundu mpaka masikioni. Sikuelewa nilichofanya. Nilidhani ameupenda mzaha wetu.

Jumapili Sokuru alipiga magoti penye kizuizi cha altare, mahali pake pa siku zote, wa kwanza upande wa wanaume. Akafumba macho, akafungua kinywa. Padri akampita, akampa wa pili, wa tatu, akaendelea. Sokuru alibaki vile vile, kinywa wazi, ulimi nje, akingoja. Kanisa zima liliona. Ilibidi baba yangu atoke kwenye benchi amguse bega. Nimeona vita na nimeona volkeno ikila nyumba, lakini nikiambiwa nitaje aibu, nautaja ulimi ule mkavu wa mzee.

Padri alikuja kwetu keshoye. Nilisimama nyuma ya mlango.

"Muzee, ule mwanamuke alikuwa bibi yako?"

"Ndiyo, Padiri. Mbele ya batizo."

"Na sasa analala kwako."

"Haonake tena. Hana mutu. Nyumba yake ni jiko, muulize mama ya batoto."

Padri hakuwa mtu mbaya, nafikiri aliamini kuhusu jiko. Lakini alisema watu wanatazama: kama katekista anaweza kumrudisha mke aliyemwacha, kesho kila Mkristo atamrudisha wake. Mwanamke aende kwa ndugu zake. La sivyo hakuna komunyo, hakuna kufundisha, na siku ya kufa hakuna mafuta matakatifu wala kaburi la misioni.

Sokuru alivua msalaba wa ukatekista shingoni, akaubusu, akamwekea padri mkononi. "Nilimufukuzaka mara moja juu yenu, Padiri. Ya pili sitaweza."

Nilimwendea baadaye nikilia, nikamwambia ni mimi niliyesema. Hakunipiga, hakunikemea. "Haukudanganya," aliniambia. "Kudanganya njo zambi." Akanituma maji ziwani.

Kwa mwaka mmoja na zaidi aliketi benchi la nyuma pamoja na walevi na wazinzi waliofungiwa sakramenti, watu ambao yeye mwenyewe aliwahi kuwahubiria. Hakukosa Misa hata moja. Wengine walipokwenda mbele kupokea, yeye aliinamisha kichwa, na bega lake la mawe likawa chini zaidi. Alikonda. Alikuwa na hofu, hilo tulilijua sote. Aliamini moto wa milele kama anavyoamini ziwa lipo. Alikuwa anakwenda huko kwa miguu yake, akiwa anatazama, kwa ajili ya bibi mmoja asiye na meno, na bado kila jioni aliniuliza kama amekula.

Mvua kubwa zilipoanza, kifua kilimkamata. Siku ya nne hakuweza kukaa. Baba alikwenda misioni akapiga magoti, akarudi na jibu lile lile: mwanamke kwanza.

Aliyeamua ni nyanya. Alitukusanya nyuma ya nyumba, akasema kwa sauti ndogo, "Ule mwanamuke minamupenda. Lakini bwana yangu hatakufa bila mafuta." Hakuna aliyembishia. Baba na mdogo wake, waliokuwa wamelia usiku kucha, wakapumua kama watu waliotuliwa mzigo.

Asubuhi baba na mdogo wake walileta kipoyi. Nilimwosha uso yule bibi, nikamfunga kanga kichwani. Alipoguswa ili alazwe juu ya miti, mikono yake ilitembea juu ya fito, ikazitambua.

"Tena?" akauliza.

Nyanya alikuwa amejifungia ndani na hakutoka kumuaga. Walimpeleka Munigi, mvua ikimnyea, wakamwacha kwa watoto wale wale wa kaka. Tuliletewa habari za kifo chake kabla matanga ya Sokuru hayajaisha, na hakuna wa kwetu aliyekwenda.

Padri alifika saa sita. Alimuuliza nyanya mlangoni kama mwanamke amekwisha kuondoka, nyanya akaitikia kwa kichwa, naye padri akaingia. Tulisikia Kilatini, tukasikia sauti ya Sokuru ikijibu, imara kuliko siku zote za ugonjwa. Padri alipotoka, tuliingia. Sokuru alikuwa analia. Paji la uso liling'aa kwa mafuta, na alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona kwake, furaha ya mtoto.

"Padiri amekubali," alisema. "Mungu amemugeuza roho." Akanitafuta kwa macho mpaka akanipata. "Kimbia, umuambie mugeni. Asiogope tena, ni kwake hapa."

Watu wote chumbani walinitazama. Nikatoka. Nikasimama jikoni, palipokuwa na majivu na kuku mmoja, nikahesabu kadiri mtu anavyoweza kusema maneno machache na kujibiwa. Kisha nikarudi.

"Amesema nini?"

"Amesema asante, Sokuru."

"Umulete. Akae hapa karibu yangu."

Nilimtazama nyanya. Alikuwa ametazama chini.

"Anamaliza kula," nikasema. "Nitamuleta."

"Sawa. Nitamungoja."

Akageuza uso kuelekea mlangoni na hakuutoa tena, hata walipojaribu kumgeuza ili apumue vizuri. Kwa kila aliyeingia Sokuru aliinua kichwa kidogo, kisha akakishusha. Saa tisa alikata roho, macho wazi, yakiwa yameelekea pale pale. Waliojaa chumbani wakapiga magoti, na mama mmoja wa misioni akasema kwa sauti kubwa kwamba muzee alikuwa akiwatazama malaika wakiingia.