Goti la Mwalimu Vidole

Saa tatu asubuhi, Jumamosi. Katika chumba kilicho juu ya duka la fundi cherehani, watoto kumi na saba wa miaka minne hadi sita wamelala chali sakafuni, kimya kabisa. Hakuna muziki. Kioo kikubwa cha ukutani kimefunikwa shuka.

"Wewe ni unga," anasema mwanamke aliyekaa kwenye stuli. "Uko ndani ya chekeche. Mtu anakuchekecha polepole."

Miili kumi na saba inaanza kutikisika, kuanzia vidole vya miguu hadi kope. Hakuna anayecheka. Jamani, mwandishi huyu ana watoto wawili, na hajawahi kuwatuliza hata kwa muda wa kuwakata kucha!

Mwanamke huyo ana miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka kumi na moja amefundisha baleti, ile ngoma inayochezwa kwa ncha za miguu. Watoto wanamwita Mwalimu Vidole, maana neno hilo haliishi mdomoni mwake.

Na kioo je, kimekosa nini?

"Mtoto akijiona anaanza kujishaua," anacheka. "Mimi nataka ausikie mwili wake kwanza. Kujitazama atajitazama akikua."

Kioo kikifunikwa, kinabaki kitu kimoja tu cha kutazama: mwalimu. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Miaka miwili iliyopita goti lake la kushoto lilianza kuuma. Akajikaza kisabuni. Hakumwambia mtu, hata mumewe, ambaye ni fundi wa friji.

"Niliogopa daktari ataniambia niache," anasema. "Sasa nikiacha hii kazi, mimi nitakuwa nani? Sijui kingine."

Mwaka jana ikafika siku ya wazazi. Watoto waliingia wamevaa nyeupe, wakainua mikono, wakapiga hatua ya kwanza, ya pili. Ya tatu, wote kumi na saba wakachechemea kushoto, wakavuta pumzi kwa meno, "sss!", kisha wakaendelea kucheza kana kwamba hakuna lililotokea. Hatua tatu nyingine, "sss!" tena.

Wazazi wakashangilia. "Mtindo huo mkali!" mama mmoja akapaza sauti.

Mtu mmoja hakupiga makofi.

"Ile 'sss' naijua," anasema fundi wa friji. "Naisikia kila asubuhi mke wangu akishuka kitandani. Nikimuuliza, ananiambia ni usingizi tu. Kumbe darasa zima linajua, mimi mwenye nyumba sijui!"

Mwalimu Vidole anasema alitamani ardhi immeze. "Nilikuwa nimewafundisha maumivu bila kujua. Na maskini, waliyacheza vizuri kuliko hatua zote nilizowafundisha kwa makusudi."

Jumatatu yake mumewe alimpeleka hospitali mwenyewe. Jibu lilikuwa upasuaji, kisha miezi sita bila kucheza. Akasubiri zamu, na sasa zamu imefika: ni baada ya wiki mbili. Kama ataruka tena, daktari hakuahidi.

Tangu siku ile anafundisha akiwa amekaa, kwa maneno matupu. Alidhani nusu ya watoto wangehama. Hakuhama hata mmoja.

"Vidole!" anaita sasa, na unga wote unainuka sakafuni. Binti mdogo kuliko wote anapanda juu ya ncha za miguu, anafungua mikono, anabaki hapo. Anabaki. Hakuna aliyewahi kumwonyesha mkao huo. Mwandishi huyu alisahau kuandika.

"Umeona?" Mwalimu Vidole ananong'ona. "Mimi mwenyewe sielewi. Kila wiki najiuliza wanayatoa wapi."

Kabla ya kuwaruhusu, anawakusanya na kuwaeleza ukweli: atafanyiwa upasuaji, darasa litafungwa miezi sita, naye ana nia ya kurudi. Ila goti likipona, huenda likawa limesahau kila kitu.

Watoto wanatazamana. Yule binti mdogo anasogea na kumshika mkono.

"Usilie, Mwalimu. Ukirudi hujui, sisi tutakufundisha."

Mwalimu Vidole anajifuta machozi.

"Haya," anasema. "Basi mniwekee nafasi mstari wa nyuma, pamoja na wanafunzi wapya."