Mama Njeri ananiita mlinzi wake, lakini mlango wake niliuvunja mimi

Admin, jina langu weka mfukoni, hapa mtaa wa Pioneer hata mbwa wananijua. Majina ya wengine nimebadilisha. Mimi ni kijana wa miaka ishirini na tano, kazi ni boda, na bila kujisifu sana, ukipanga wanaume wote wa steji yetu utanichagua mimi. Shule niliachia Form Two, kwa hivyo wale wa kusahihisha watu kwa comments mpumzike leo. Wiki hii naosha pikipiki mara tatu kwa siku na haina hata tope. Nikikaa chini nasimama. Nikisimama sijui naenda wapi.

Ile fujo ya baada ya uchaguzi ilinipata nikiwa na miaka kumi na sita. Nilifunga tawi bichi kwa baiskeli kama wenzangu, ndio ujulikane wewe ni wa upande gani, nikazunguka mtaa nikijiona jenerali. Jirani yetu alikuwa Mama Njeri, fundi wa nguo, watu wake wametoka Central, ule upande mwingine. Uniform zangu zote tangu nursery alishona yeye. Siku hiyo yeye na binti yake Njeri walikuwa wamekimbilia kanisani, duka limefungwa.

Tulijaa pale mbele kama vijana thelathini. Mtu akiniuliza nani alitutuma, nawaapia hakuna. Hakuna aliyesema "vunja". Kila mtu alikuwa anaangalia mwenzake. Halafu jamaa mmoja akanionyesha kwa kidole: "Huyu ni mdomo tu! Cheki magoti yanavyocheza!" Wakacheka wote. Ni hiyo tu. Sikuwa na chuki na Mama Njeri, na nyumbani nilikuwa nimekula nikashiba. Nilitaka tu kile kicheko kitoke kwangu kiende kwa mtu mwingine. Nikapiga mlango teke, la pili ukafunguka.

Beshte yangu Kibet akatoka kwa umati, akasimama katikati ya ule mlango, ameshika fremu huku na huku. "Wasee, huyu ni mama yetu. Kesho mtamwangalia na macho gani?"

Mnajua nilimjibu nini? "Kibet, enda uvae rinda." Wakacheka tena, na safari hii aliyechekwa si mimi. Ilikuwa tamu, siwadanganyi. Wakamsukuma huko, tukaingia. Kila mtu alitoka na kitu, na mimi nikaona nikitoka mikono mitupu nitaitwa msaliti. Nikabeba cherehani kwa bega. Nilipofika nyumbani mamangu alisema, "Hiyo kitu ya watu hailali ndani ya nyumba yangu." Nikaificha stoo, chini ya magunzi ya mahindi.

Sasa sikieni. Lori la kutoa watu kanisani kuwapeleka kambini lilipita barabarani wakati ule ule Kibet amesimama pale. Mama Njeri alikuwa juu ya lori. Mimi hakuniona. Aliona mlango uko wazi, umevunjwa, halafu Kibet amesimama ndani yake.

Alirudi mwaka uliofuata. Alinikuta njiani, akanishika mkono, na kabla hajasema kitu mdomo wangu ukakimbia: "Mama, cherehani yako iko kwetu. Niliificha wasiibe." Huyo mama alilia akanikumbatia mbele ya watu. Jumapili akasimama kanisani akanitaja. Na jambo la kushangaza ni kwamba nilianza kuwa mzuri kweli. Namletea vitambaa kutoka mjini bure, mvua ikipeperusha mabati yake napanda mimi. Hata sijui ni wema ama naogopa tu kupoteza jina. Nyinyi mmesoma, mniambie kama kuna tofauti.

Shida ni kwamba Kibet na Njeri wanapendana na wanataka kuoana. Mama Njeri amekataa. "Nilimwona na macho yangu, amesimama kwa mlango wangu kama mwenye duka." Kibet amejieleza mpaka amechoka, lakini nani atamwamini, na cherehani niliirudisha mimi? Jumamosi wazee wa Kibet wanatoka kwao Sugoi kuja kupiga hodi, kuomba msichana. Mama ameniambia, "Kijana wangu, utakaa upande wetu. Wewe ulikuwepo. Ukisema huyo ni mtu mbaya, sitoi msichana. Ukisema ni mzuri, nitanyamaza."

Najua kuna mjanja atasema, si useme tu Kibet alikuwa anazuia watu? Sawa. Na wazee wakiuliza alikuwa anamzuia nani?

Jana Kibet alikuja steji. Hakuja na vita. Alisema, "Sema tu kile uliona."

"Na ukikosa bibi kwa sababu yangu?"

"Nitakosa bibi. Wewe utakosa nini?"

Nikatupa mzaha, steji nzima ikacheka. Yeye hakucheka. Alipanda boda ya mwingine akaenda.

Jioni Mama Njeri akaniita dukani. Uchaguzi unakaribia tena, na wateja wake wengine wameanza kuchukua nguo kabla hazijaisha kushonwa. Akatoa ufunguo wa pili wa duka, akaufunga kwa kitambaa, akaniwekea mkononi. "Wakianza tena, mimi nitaenda na nguo za mwili tu. Hii yote nakuachia wewe."

Ninao hapa kwa mkono nikiandika. Nikisema ukweli Jumamosi, Kibet anaoa na mimi nahama mtaa. Nikinyamaza, nabaki kijana mzuri wa Pioneer. Ndugu na dada, matusi leteni tu, nimezoea, lakini kila tusi liwe na jibu chini yake: huu ufunguo nimrudishie leo nikiwa peke yangu naye, ama ningoje niuweke mezani mbele ya wazee wote?