Moja Iliyobaki Mchangani

Kila asubuhi mwaloni Igombe, mitumbwi ikishafika na dagaa kumwagwa kwenye nyavu, Evelina husimama na ufagio mkononi akiliangalia ziwa kama mtu aliyesahau kilichomleta. Saa hizo ziwa ni jeupe, hujui linaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Namsema sana. Miaka tisa tunaanika pamoja, na miaka yote hiyo nageuza dagaa wangu na wake.

Ndoto yake ni kuwa mwalimu wa hesabu. Ana miaka thelathini na minne, na kwenye mtihani wa kidato cha nne hesabu zimemwangusha mara mbili. Safari hii Mwalimu Projest, mstaafu anayemfundisha jioni, alimpa sharti.

"Nithibitishie swali hili kabla ya Jumamosi, nami nitakusimamia ukajiandikishe tena. Ukishindwa, mama, pumzika."

Swali lenyewe: chukua namba yoyote, izidishe kwa yenyewe, jumlisha mara sita ya ile namba ya mwanzo, halafu jumlisha kumi. Onyesha kwamba jibu haliwi hasi hata siku moja.

Evelina alijaribu namba mia mbili, kubwa, ndogo, hasi, hata sehemu. Zote zilitoa jibu chanya. Alhamisi akampelekea daftari limejaa. Mwalimu akafunua kurasa polepole, akauliza, "Wewe ukinunua dagaa, unaangalia juu ya gunia tu?"

Alirudi analia. Mimi niliwaka, maana mwalo mzima unamjua: Evelina hutumbukiza mkono mpaka begani, na akigusa mchanga anamwaga gunia lote chini mbele ya mwenyewe. Lakini katikati ya hasira zangu alinyamaza, akafuta macho.

"Kumbe nilikuwa napapasa juu," alisema. "Inabidi nilimwage lote."

Ijumaa asubuhi akanishika mkono. Kwa mpini wa ufagio akachora mchangani.

"Huu mlaba," alisema. Alimaanisha mraba; Kisukuma chake hakijawahi kumwachia herufi r. "Kila upande ni hiyo namba, yoyote ile. Zile mala sita nazigawa vipande viwili vya upana wa tatu: kimoja kulia, kimoja chini. Unaiona kona iliyobaki wazi?"

"Naiona."

"Tatu kwa tatu, tisa. Nazitoa kwenye ile kumi, naziba kona. Mlaba mkubwa umekamilika, imebaki moja." Akaweka dagaa mmoja nje ya mstari. "Na mlaba ni namba iliyozidishwa kwa yenyewe. Hasi kwa hasi ni chanya, chanya kwa chanya ni chanya. Hauendi chini ya sifuli."

Niseme ukweli, nilitaka akosee. Nikabisha, "Na huo mraba wako ukiisha wote je?"

Akatabasamu kwa mbali, macho yameenda ziwani kama kawaida yake. "Hapo umeweka hasi tatu, dada. Upande unakuwa sifuli." Akaufuta mraba wote kwa mguu. "Lakini huyu bado yupo."

Nilimtazama yule dagaa, peke yake kwenye mchanga mtupu. Nikaielewa hesabu kwa mara ya kwanza tangu niache shule, na nikaelewa kwamba Evelina anaondoka. Iliniuma.

"Nenda kwa Mwalimu sasa hivi," nikamwambia, "kabla hujaanza kuota tena."

Alikimbia bila kuaga. Nikaokota ufagio wake, nikaanza kugeuza dagaa wake, kisha wangu.