Maneno ya Kulalia

Nilisikia nikililiwa kabla sijafumbua macho. Ilikuwa sauti nzito ya mwanamke. Ilitokea upande wa barabara, ikaingia uani, ikaizunguka nyumba hadi chini ya dirisha langu. "Mwana wanje! Mwana wanje wee!" Mtoto wangu, mtoto wangu. Kisha jina langu, mara tatu, kwa namna ambayo jina huitwa pale tu mwenyewe hawezi tena kuitika. Nikabaki nimefumba macho, nikajiuliza kwa utulivu unaonishangaza hadi leo: nimekufa saa ngapi?

Sikuwa nimekufa. Nilikuwa nimelala, na huo ndio uliokuwa muujiza. Jua lilikuwa limeshafika ukutani. Kwa miezi saba sikuwa nimeona jua likinikuta kitandani.

Miezi saba kabla ya asubuhi ile, baba yetu alikula ugali na samaki wa migebuka, akalalamika chumvi imezidi, akaingia kulala. Hakuamka. Hakuwa ameugua, hakuita mtu, hakuangusha hata kikombe. Kaka yangu ndiye aliyemkuta asubuhi. Tukazika, tukarudi nyumbani Rusimbi, na tangu siku hiyo mwili wangu ukaamua, bila kuniuliza, kwamba kulala ndiko kunakoua. Kila usingizi ulipokaribia, moyo ulinipiga teke. Nilikaa kitako gizani nikihesabu pumzi zangu kama mlinzi anayehesabu mifugo ya watu. Mchana niliandika sentensi moja ya riwaya yangu na kufuta mbili.

Niliwaambia watu. Hilo ndilo linaloniudhi hadi leo, kwamba niliwaambia. Mmoja akasema nisali zaidi, kana kwamba nilikuwa nimeacha. Mmoja akasema nikiolewa nitalala. Kaka yangu, fundi simu mwenye kibanda Gungu, akasema: "Wewe huna kazi ya kuchosha, bibi mwandishi. Njoo ubebe maboksi kwangu uone kama hutakoroma." Watu wakacheka. Mimi pia nikacheka, na nikarudi chumbani nikiwa nimewachukia wote, nikianza na mimi mwenyewe.

Aliyenisikiliza ni muuguzi wa zahanati moja, mama mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliniuliza naogopa nini, kisha akanyamaza akasubiri jibu. Niliposema, hakunipa dawa. Alisema: "Andika maneno mazuri ya kujiambia. Mafupi. Usijiambie usichokitaka, jiambie unachokitaka, kama vile kimeshakuwa. Yasome kwa sauti yako, jirekodi, ujisikilize ukiwa kitandani. Moyo unaamini sauti unayoijua."

Basi nikaandika. Mimi ni mwandishi, niliifanya kazi hiyo kwa majivuno. Siku nne nilisugua sentensi nne, nikitafuta zinazoteleza ulimini bila kukwama. Nikajirekodi siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia na majirani hawapigi muziki:

"Ninaachilia yote. Mwili wangu ni mwepesi. Hakuna kitakachonigusa tena. Ninapumzika kwa amani."

Msomaji ameshaona. Mimi sikuona. Mimi ninayegombana na wahariri kwa ajili ya mkato mmoja, nilisikiliza maneno hayo wiki tatu na sikusikia nilichokuwa nasema. Nilisikia utamu tu. Na yalinisaidia, siwezi kukana. Moyo ulipunguza mateke. Nililala kidogo, nikaamka, nikasikiliza tena, nikalala tena.

Halafu tundu la chaji la simu yangu likaharibika. Nikampa kaka.

Jioni hiyo, akiwa kibandani, alikuta rekodi. Akaisikiliza na wenzake. Akaona itakuwa kichekesho kizuri zaidi kwa ukoo mzima, akaituma kwenye kundi la familia, kutoka simu yangu, bila neno lolote juu yake wala chini yake. Kisha akaizima simu, akaifungua skrubu, akaiacha mezani na vipande vyake, akaja nyumbani kula. Hakuniambia. Alikula mbele yangu akitabasamu kwenye sahani.

Mimi, bila simu, nikayasema maneno yangu kwa mdomo, kwa mara ya kwanza. Nikalala hadi jua.

Nilipotoka uani nilimkuta shangazi yangu, dada yake baba, amepiga magoti chini ya dirisha, kanga imefungwa kiunoni, vumbi la kwake Mwandiga bado miguuni. Alikuwa amepanda gari la kwanza. Aliponiona alinyamaza. Akanitazama kuanzia juu hadi chini. Akainuka, akanifuata, akanizaba kofi.

"Shikamoo shangazi," nikasema, kwa kuwa sikujua la kusema.

"Marahaba, na ukome!" Akanikumbatia hadi mbavu zikauma. "Nani amekufundisha kuaga watu kwenye simu? Nimekupigia, simu imezimwa. Nimempigia mama yako Kasulu, hapatikani. Nimejua nimeshachelewa. Nimekuja kuchukua mwili mimi!"

Tuliingia sebuleni. Kaka alikuwa ameshaamka, amesimama na mswaki mdomoni, na alipoelewa kilichotokea aliinama akicheka, povu likamdondokea kifuani.

"Shangazi, hayo ni mazoezi ya usingizi! Msomi wetu anajibembeleza. Mtu mzima anajiimbia kama kichanga."

"Wewe ndiye uliyetuma?"

"Utani tu, shangazi."

"Utani." Shangazi alitoa simu yake kwenye kanga, akaibonyeza. Sauti yangu ikajaa sebuleni, laini, yenye heshima zote za mtu anayeondoka. Ninaachilia yote. Chini yake kwenye kundi kulikuwa na picha za mishumaa mitatu kutoka kwa binamu wa Kalemie, na swali la mjomba kama mazishi ni leo au kesho. "Sikiliza mwisho," shangazi akasema. "Hayo maneno ya mwisho tuliyaandika wapi sisi?"

Ndipo niliposikia. Msalaba wa baba ulipakwa chokaa, na maneno yaliandikwa kwa rangi nyeusi na mkono wa fundi aliyeishiwa nafasi, hata "amani" ikabidi ishuke mstari wa chini. Pumzika kwa amani. Niliyachagua mwenyewe. Kwa wiki tatu nilikuwa najizika kila usiku kwa maneno ya baba yangu, na nikiyaita tiba.

Nilikasirika kiasi kwamba masikio yalivuma. Nilijikasirikia kwa uziwi wangu, nikamkasirikia kaka. Alikuwa bado anacheka.

"Toa hiyo sauti kwenye kundi," nikamwambia.

"Simu yako iko vipande vipande kibandani, haifutiki kwa wote."

"Basi tuma sauti yako. Waambie ulichofanya."

"Niwaambie nini? Kwamba dada yangu anaogopa kitanda? Nakufichia aibu mimi."

"Hujanifichia chochote! Umenichukua usingizini ukanitembeza sokoni!"

"Punguza sauti, majirani."

"Majirani wameshasikia nikililiwa! Wamebakiza nini?"

Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka, anapepea uso kwa ncha ya kanga. Hakumtazama kaka. Alinitazama mimi, akauliza swali la yule muuguzi: "Unaogopa nini hasa?"

"Kutoamka."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, kama nimemtajia bei ya maharage na ameiona ni ya haki. "Sasa mbona katika maneno yako yote hakuna kuamka?"

Nimepitia mikono ya wahariri watatu, hakuna aliyewahi kunishika pabaya kama shangazi yule, mkulima wa mihogo.

"Mtu anayelala hasemi anapumzika," akaendelea. "Anayepumzika ni aliyemaliza. Wewe hujamaliza, hata kitabu chenyewe hujamaliza. Sema umechoka. Sema unalala. Sema asubuhi unachota maji."

"Maji ya bomba, shangazi," kaka akadakia. "Siku hizi hawachoti."

"Kimya wewe, sijafika kwako."

Nikachukua simu yake shangazi. Nikabonyeza kipaza sauti na kuuambia ukoo mzima, kuanzia Kasulu hadi ng'ambo ya ziwa, kwamba mimi ni mzima. Kwamba sauti ile ilitumwa na kaka yangu kwa kunidhihaki. Kwamba tangu baba afe silali, nimewaambia wengi wenu uso kwa uso na mkanicheka, na maneno yale niliyaandika ili nilale, niliyakosea, nitaandika mengine. Kwamba anayetaka kujua zaidi aniulize mimi, asiweke mishumaa. Nikaachia kidole, ikaenda. Sauti yangu ilikuwa mbaya, imekwaruza, haikuteleza popote.

Kaka aliacha kucheka.

"Umenitaja."

"Ndiyo."

"Mbele ya watu wote." Alifuta povu kwa mgongo wa mkono. "Unajua nani aliingia chumbani kwa baba? Mimi. Nani alimfunga kidevu kwa kitambaa? Si wewe, ulikuwa unapiga kelele huko nje. Mimi. Na mimi nalala! Siongei na ukuta, siongei na simu, nalala!"

"Hulali," nikasema. "Redio yako naisikia mpaka alfajiri."

Nilisema kwa ubaya. Nilitaka imuume, na niliona imemuuma. Macho yake yalihama kwangu yakaenda kwa shangazi, yakaenda kwenye kiti ambacho hakuna anayekikalia siku hizi. Sikumhurumia. Bado sina hakika kama namhurumia. Nayaandika haya na taya limenikaza.

"Baba," shangazi akamwita, kama tunavyowaita watoto wa kiume tukitaka wakae chini. "Njoo. Nitapika uji. Sasa nimefika kwako."

"Nina wateja."

"Saa hizi?"

"Simu yake nitaileta ikipona."

Alivaa shati bila kufunga vifungo, akachukua mkoba wake wa bisibisi. Nilingoja aubamize mlango, nilikuwa hata nimeshaandaa tusi la kumtupia. Hakuubamiza. Alitoka, akageuka, akakishika kitasa kwa mikono miwili na kuufunga polepole, bila mlio, kama mtu anayefunga mlango wa chumba alimolala mtu.